Mpiga Mbiu wa Kilwezi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana waliokuwa wakimenya mihogo na Bibi Zuena waliisikia methali hiyo redioni, wakamuuliza nani aliyeisema kwanza. Bibi akaweka kisu chini. Chanzo chake, akasema, ni hiki.

Palikuwa na nchi ikiitwa Kilwezi, chini ya Jumbe Nyangasa. Udongo wake mweusi, mto haukauki, na njia ya misafara ikipita katikati. Hata hivyo gulio lilizidi kupwaya. Wahunzi walihama, wafumaji wakawafuata, nyumba zikabaki na popo. Wote walivuka mto kwenda Mtitu, kijinchi cha mawe na miiba.

Jumbe akamwita Mgaya, mpiga mbiu wake, mtu ambaye sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde.

"Watu hawatujui," Jumbe akasema. "Chukua baragumu, uzunguke nchi zote. Isifu Kilwezi mpaka waje."

Mgaya alizunguka miezi saba. Kila kijiji alipiga baragumu, akausifu udongo, mto na ukarimu wa Jumbe. Watu walimsikiliza kwa furaha, maana alijua kusema. Walimpa uji, wakamshukuru, wakarudi makwao. Hakuna aliyefunga mzigo.

Mwishowe akafika Mtitu kwenyewe, siku ya gulio. Alishangaa kuona watu walivyobanana kwenye yale mawe. Akapanda juu ya jabali, akaanza kuisifu Kilwezi. Alipofika kwenye ukarimu wa Jumbe, akamwona binti yake Mwalua amesimama mbele yake na jora la nguo begani. Ilikuwa miaka minne hajamwona. Akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo hajambo? Siku zote nasema, yule kijana ndiye aliyekuleta huku kwenye mawe."

"Hakunileta yeye. Mimi ndiye niliyemleta."

"Wewe? Kwa nini?" Mgaya akauliza.

"Wewe wa nyumbani mwa Jumbe, baba, langoni wanakupisha," Mwalua akasema. "Sisi kila gulio walinzi walichagua nguo wanayoipenda wakaenda nayo bila kulipa. Nilipeleka shauri barazani. Mavuno matatu yakapita, naambiwa njoo kesho."

"Na hapa?"

"Hapa nilimshtaki jirani Jumatatu. Alhamisi tukahukumiwa."

"Ukashinda?"

"Nilishindwa, baba." Akacheka kidogo. "Lakini nilisikilizwa. Nikarudi nyumbani nikafuma."

Mgaya akatazama lile gulio. "Mpiga mbiu wao ni nani? Aliwatangazia kwa maneno gani?"

"Hawana. Fundi mmoja alimwambia mwenziwe, basi." Kisha akamkazia macho. "Sasa niambie wewe, si kwa baragumu, niambie kama baba. Nirudi?"

Mgaya alifungua kinywa. Sauti ile iliyovuka mabonde haikutoka. Usiku ule alilala kwa binti yake, na kulipokucha akashika njia ya kwao, moyo mzito. Alijua Jumbe hapendi kuambiwa ukweli, na aliyewahi kumwambia alipoteza shamba.

"Umeniletea wangapi?" Jumbe akauliza mbele ya baraza.

"Hata mmoja, Jumbe."

"Sauti imekuishia?"

"Sauti ninayo. Nilimkuta binti yangu mwenyewe Mtitu, nikashindwa kumwambia rudi." Akaliweka baragumu mkekani. "Kizuri chajiuza, mkuu wangu. Kibaya ndicho kinachojitembeza, na mimi miezi saba nimekuwa miguu yake."

Baraza zima likainama. Jumbe akamfukuza, akatwaa shamba lake, akampa baragumu kijana mwenye mapafu makubwa zaidi.

Lakini neno lile lilikuwa limeshatoka barazani. Lilimtangulia yule kijana kila alikokwenda. Kabla hajamaliza kupiga baragumu, wanawake kisimani wakamwitikia, "Kibaya chajitembeza!" Akarudi kabla ya mwezi kuandama, amejawa na aibu.

Jumbe alijifungia siku mbili. Ya tatu akaenda langoni kwa miguu yake, akakaa kutwa nzima akiona kwa macho yake yale yaliyokuwa yakifanyika kwa jina lake. Jioni akawaondoa walinzi wote. Akamrudishia Mgaya shamba lake, na tangu hapo kila Alhamisi akaketi kusikiliza mashauri, asiondoke hata moja likiwa limebaki. Mpiga mbiu hakutumwa tena.

Mwaka ukapita, hakuja mtu. Wa pili ukawa karibu kwisha, ndipo akatokea mkamua mafuta na punda wake, akauliza ipo wapi nyumba iliyo tupu.

"Nani amekwambia uje kwetu?" Jumbe akamuuliza.

"Mfumaji mmoja wa Mtitu, Mwalua. Yeye mwenyewe harudi, ameshazoea mawe. Lakini anasema siku hizi Kilwezi mtu husikilizwa."

Jumbe akamwonyesha nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya huyo akaja mhunzi, na baada ya mhunzi wakaja wengi.

Bibi Zuena akachukua kisu chake. "Ndivyo ilivyokuwa, wajukuu zangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."