Majimoto na Vunjajungu

Waumini wenzangu, hebu nisikilizeni. Mama mmoja aliachiwa na marehemu mumewe shamba la mikorosho, nalo ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Katika mikorosho ile waliishi wawindaji wa aina mbili. Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, walimvamia kila alipogusa tawi, akarudi nyumbani shingo imevimba. Vunjajungu, yule mdudu mrefu wa kijani, yeye alitulia juu ya maua, mikono ameikunja kifuani kama anayesali. Mama akimwona, moyo wake hupoa.

Siku moja shemeji yake alikuja kumsaidia kupogoa, akaumwa mpaka kwenye kope.

"Shemeji, hawa unawafuga wa nini? Wachome."

"Na vunjajungu?"

"Huyo mwache. Amekukosea nini?"

Wakawasha majani makavu kwenye ncha ya ufito mrefu, wakachoma viota vyote. Mama akatembea shambani kwake bila kuumwa, akamshukuru Mungu.

Haukupita muda mrefu, machipukizi yakaanza kukauka, meusi kana kwamba yameungua. Mbu wa mikorosho, wale wadudu wembamba wanaofyonza utomvu, walikuwa wamejaa kila tawi. Mama hakuelewa. Zamani walikuwa wapi? Akaenda kumtazama vunjajungu wake. Akamkuta juu ya ua, na katika mikono ile ya sala ameshika nyuki, anamtafuna kuanzia kichwani.

"Shemeji, huyu si alikuwa mwema?"

"Anakula chochote kinachomkaribia. Nyuki, mbu, kwake wote sawa."

"Na wale tuliowachoma? Walikuwa wanakula nani?"

Shemeji akawatazama mbu waliojaa kwenye matawi yaliyokauka.

"Mbona basi aliyeniuma ndiye aliyenilinda?"

Mama akaenda kwa jirani, akaomba kiota cha majimoto, akakibeba ndani ya kiroba. Walitoka, wakamuuma mikono na kifua. Alilia njia nzima, na hata yeye hakujua analilia nini hasa. Akakifunga kwenye mkorosho. Matawi yaliyokufa hayakufufuka. Msimu ule hakuvuna.

Na sisi je? Yule dada aliyetuambia ukweli mbele ya watu tukamfungia mlango, alikuwa anatuuma sisi, au alikuwa anawinda kinachotumaliza? Wangapi tumewaweka karibu kwa kuwa tu hawajawahi kutuudhi? Mnawatazama wenzenu, nawaona. Jitazameni. Sisi tunaosifiwa upole hapa kanisani, tukirudi nyumbani, tunamtafuna nani?