Mjomba Kenge na Watoto wa Fundichuma

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na mto!"
"Ukatiririka!"
"Palikuwa na matope!"
"Yakatunasa!"

Basi, kando ya matope hayo aliishi Mama Fundichuma, ndege wa rangi ya udongo, kichwa kama nyundo. Alijenga nyumba ya vijiti juu ya mti, likawa jumba hasa. Akalikandika udongo, akaacha kitundu tu cha kuingilia. Humo akataga mayai.

Siku moja akasikia: gwaru, gwaru, gwaru! Kenge huyo, anapanda.

"Hodi! Nimekuja kula mayai. Mlango mdogo, lakini makucha ninayo. Naubomoa!"

Moyo wa Mama Fundichuma ukamwenda mbio. Akajikaza, akacheka.

"Karibu, kaka. Lakini yai si hata tonge. Ukingoja, utakula kifaranga mzima."

Kenge akameza mate, gudu! Akashuka.

Vifaranga wakaanguliwa. Gwaru, gwaru, gwaru!

"Wako wapi?"

"Hawa hapa, kaka. Mifupa mitupu! Laiti wangepata vyura, wangenenepa."

Kenge akaleta vyura. Gwaru, gwaru, akaleta dagaa. Gwaru, gwaru, akaleta kaa. Kila akija, vifaranga wanachungulia: "Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba," anajibu Kenge, huku anawapima mashavu kwa macho.

Wao wakanona, yeye akakonda. Mama Fundichuma akaanza kumwonea huruma. Kidogo tu.

Mabawa yakakomaa.

"Kaka, karamu imefika. Waletee kambare mmoja mnene, awalainishe nyama."

Kenge mbio, kinamasi cha mbali. Huku nyuma mama akasema, "Rukeni, wanangu!"

Puruu! Puruu! Kitindamimba akang'ang'ania mlangoni, analia. Mama akambusu kisogo, akamsukuma. Puruu!

Kenge akarudi, kambare mdomoni. Nyumba tupu! Mara, kutoka mti wa ng'ambo:

"Shikamoo, mjomba!"

Kenge, kwa mazoea, akaitikia, "Marahaba!" Mdomo wazi, kambare akaponyoka: chubwi! Mtoni.

Basi wanangu, hadithi hii inatufunza nini? Inatufunza kuwa mkarimu kama Kenge, aliyelea watoto wa jirani bila kujilipa hata unyoya mmoja.

Nami nimefika ukingoni. Aliyeipenda avuke nayo, asiyeipenda aiache izame.