Jina la Mtoto wa Siwema

Haya, sogeeni, na wewe unayetafuna ubuyu tafuna kimyakimya.

Nyumba moja, vyumba vingi, choo kimoja. Humo Hidaya mshonaji, mkono wake haujui kusema hapana. Tunu, mifupa mitupu, lakini hata mafua hayamjui. Mwanahawa ana kichanga, maziwa yanamlowesha kanga. Na Siwema, mimba ya miezi tisa, mume yuko safarini hapatikani.

Uchungu ukamshika Siwema vibaya. Mwenye gari akataka pesa kwanza. Hidaya akavunja kibubu, pesa za bati la paa la mamake, zote.

Hospitali Siwema akajifungua, damu haikati. Tunu akanyoosha mkono, wakamtoa ya kwake. Alirudi nyumbani anashika ukuta.

Mama siku tatu hajitambui, kitoto cha kike kinalia njaa. Mwanahawa akakinyonyesha, huku wake, huku huyu, kama mbuzi aliyezaa pacha.

Siku ya saba, nywele zinyolewe, jina litajwe. Siwema kachoka mpaka kope. Akasema, "Nampa jina la aliyetuokoa." Maskini, hapo ndipo alipojiponza. Angetaja jina lolote akalala zake.

"Huyu keshakuwa mwanangu wa ziwa," akasema Mwanahawa. "Wanangu hawawezi hata kumwoa. Basi si aitwe mimi?"

"Si ushapata lako," Tunu akamjibu. "Wewe mama kwa dini. Mimi damu yangu inatembea mwilini mwa mtu, na hata ushangazi sikupewa."

Hidaya anakunja nepi.

"Da Hidaya, na wewe?" Siwema akamwuliza.

"Mimi nikidai mtasema nimenunua mtoto."

"Pesa si zinarudishwa," akasema Mwanahawa.

"Haya, nirudishieni leo, nami sitalitaka jina."

Hakuna aliyegusa pindo la kanga yake.

Siwema akawaza. Pesa huenda atalipa siku moja, maziwa na damu atalipaje? Lakini Tunu kala maini wiki nzima, damu imerudi. Mwanahawa maziwa bado yanamwagika. Mama yake Hidaya ndiye anayelala chini ya paa linalovuja. Na wote watatu, angekosekana mmoja, leo kungekuwa na kaburi.

Mama mnyoaji akagonga bakuli la maji. "Jina, mwanangu. Mkono unaniuma."

Siwema akafumba macho. Alitaka usingizi tu, jamani.

Sasa msinitazame mimi. Ungekuwa wewe uliyelala kitanda kile, wote watatu wanakuangalia mdomoni: mtoto ungemwita nani?