Jina la Pili Msalabani

Bisha. Anayeona naongopa abishe sasa hivi, maana nikishaanza sisimami. Shule niliiacha darasa la sita, sawa, lakini mabango yote ya muziki wa roki Arusha nimechora mimi. Ninayosema nimeyaona.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, palikuwa na bendi ikiitwa Chuma Moto. Kisioki akiimba, Godlisten akipiga gitaa, Tumsifu akitwanga ngoma. Siku moja, wakiwa mazoezini, akaingia Melubo, kijana wa miaka kumi na sita, na begi lililokatika zipu.

"Shikamooni. Mama amefariki. Aliniambia baba yangu yumo kwenye bendi hii. Hakusema yupi."

Kisioki akacheka. "Dogo, mimi simo."

Tumsifu akainama, akakaza ngoma iliyokwisha kukazwa.

Godlisten hakuwahi hata kumwona huyo mama. Akasema, "Ni mimi, mwanangu. Tua begi."

Mwaka mzima Melubo akalala kwake, akala kwake, akafundishwa gitaa naye. Mtaani ikawa tambo tupu: "Mshua wangu yule, baba kabisa!" Nikamwambia, "Mshua gani, mwembamba kama waya wa gitaa?" Akanirushia ndala.

Pasaka, mchana, wakamwachia wimbo mmoja. Mvua ilikuwa imelowesha jukwaa. Mkono kwenye nyuzi, mdomo ukagusa maiki, umeme ukamshika. Akatetemeka, watu wakashangilia, wakidhani ndiyo roki yenyewe. Tumsifu peke yake aliruka ngoma zake, akamvuta kwa mikono mitupu. Vidole vya Tumsifu vikaungua hadi mfupa. Melubo akafa.

Siku ya kuzika, kwa fundi seremala, msalaba ukabaki kuandikwa. Melubo nani? Jina la pili ni la baba.

"Andika Kisioki," akasema Kisioki, analia. "Ni damu yangu. Alipoingia tu mlangoni nilimjua, sura ya marehemu baba yangu ile. Nilimwogopa mke wangu."

"Ulimjua ukamwacha?" Godlisten akamkwida shati. "Baba aliniita mimi. Andika Godlisten!"

"Ulimdanganya mpaka anakufa!"

Tumsifu akainua mkono wenye bandeji. "Wewe ulimkana, wewe ulimdanganya. Mimi sikumwambia neno. Lakini mkono uliomshika mwisho ni huu, na ngoma sipigi tena. Kwani baba hufanya nini kingine?"

Je, mlioketi hapa, msalaba ulistahili jina la nani?

Mbona mnatazamana? Basi, kuna kipande nimekiruka. Brashi ilikuwa mkononi mwangu. Walipoanza kukunjana, na jeneza linasubiri, nikaandika jina la mzee wangu mimi: Melubo Sanare. Mzee yuko hai, anauza mitumba, hajui kama amezika mtoto.

Waliusoma msalaba makaburini, wote watatu. Hakuna aliyebisha.

Haya. Bisheni nyinyi.