Njia ya Kwenda kwa Namkunda

Hapo zamani, si zile za mababu bali za juzijuzi tu, aliishi mjini Same mama mmoja mzee, Bi Nakijwa. Alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini woga haukupona. Akisimama, anahisi sakafu inamkimbia. Akikaa, macho yanaelekea dirishani, kwenye milima ya Upare, kule aliko mdogo wake Namkunda, aliyebaki peke yake katika nyumba ya wazazi wao.

"Mwambieni aje basi," alisihi.

Jibu lilirudi lile lile: "Siji. Njoo wewe."

Likamuuma kuliko nyonga.

Eliamini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamletea miwani mikubwa. Ukiivaa unajiona uko mahali pengine. Akamsimamisha juu ya godoro laini, avuke vidimbwi katika bustani za ughaibuni. Bi Nakijwa akaivua.

"Mwanangu, huku simjui mtu."

Basi binti yake, Naetwe, akapanda mlimani na kamera, akaipiga picha njia nzima: migomba, mfereji, mawe ya kukanyagia. Eliamini akaitia kwenye miwani. Bi Nakijwa akaivaa. Kisha akainua mguu auvuke mfereji. Akayumba, Eliamini akamdaka. Akainua tena. Kila siku alipanda, na kila siku picha ilikwisha kabla hajaufikia mlango wa Namkunda. Alinyoosha mkono, akashika hewa.

Masika yakapita. Asubuhi moja akaipanda njia yenyewe, kwa mkongojo na miguu yake, Eliamini na Naetwe wakimfuata nyuma. Namkunda alikuwa kizingitini. Wakakumbatiana, wakalia. Ndipo Bi Nakijwa akavua mkononi bangili ya shaba ya marehemu mama yao.

"Hii ni ya aliyenifikisha."

Eliamini akasema, "Mama, kila ulipoyumba nilikudaka mimi. Bila mimi ungevunjika tena."

Naetwe akasema, "Bila njia niliyokuletea, mama, ungeinua mguu uende wapi?"

Namkunda alikuwa bado anafuta machozi. "Dada, mara ngapi walitaka kunipeleka kwako kwa gari! Kila mara nilikataa, nikaingia ndani nikalia. Ningeshuka, ungesimama kwa ajili ya nani?"

Bi Nakijwa akabaki na bangili kiganjani, akiwatazama mmoja mmoja.

Haya, wenzangu mnaosikiliza, bangili haikatwi vipande. Je, nani alistahili?