Mbiu ya Mwinyimvua

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Mmekula kweli nyinyi? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Pakawa mto, na kijiji kando ya mto, na kilima nyuma ya kijiji. Kishikeni hicho kilima, msije mkaniuliza baadaye kimetoka wapi.

Hapo kale, kijijini hapo, aliishi mpiga mbiu, jina lake Mwinyimvua. Habari ya msiba alipiga baragumu mara tatu, akatangaza mara tatu. Habari ya harusi vilevile, kwa sauti ileile. Watu walikuwa wakifika harusini wanalia.

Mkewe, Mize, alikuwa mshona makubadhi. Mtu akija, "Mize, nipe viatu," yeye hujibu, "Nionyeshe mguu kwanza."

Asubuhi moja habari ikaja: mto umefurika huko juu, maji yatafika kabla ya adhuhuri. Mwinyimvua akashika baragumu. Puuu! Puuu! Puuu!

"Enyi wanakijiji! Maji yanakuja! Pandeni kilimani!"

La mgambo likilia lina jambo. Watu wakabeba watoto, wakabeba kuku, wakapanda. Wakabaki wawili, Bi Tabu na Mzee Pazi. Na Mwinyimvua wa tatu, maana mila ya mpiga mbiu ni kuondoka wa mwisho.

"Baba Chausiku," akasema Mize, aliyebaki naye, "utakufa kwa ajili ya wabishi wawili?"

"Nitawatangazia tena."

Akatangaza tena. Maneno yaleyale. Bi Tabu akafunga dirisha. Maji yakafika kwenye mihogo.

Mize akaona, huyu ataniacha mjane hivihivi. Akaenda kwa Bi Tabu. Bi Tabu mnamjua. Hamumjui? Basi kila mtaa unaye, tazameni pembeni yenu.

"Bi Tabu, bora umebaki. Huko kilimani watu wote wamekaa pamoja, wanasema."

"Wanasema nini?"

"Mimi simo."

Bi Tabu alipanda kilima kanga moja mkononi, hajaifunga. Maji yakafika jikoni.

Mize akaenda kwa Mzee Pazi. Huyo ukimwambia kumekucha, anatandika kitanda alale.

"Mzee wangu, umefanya vizuri kubaki. Wote wamesema, Pazi atabaki tu."

"Wamesema? Nani kawaruhusu kunisemea?"

Akachukua fimbo, akapanda huku anagomba. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu.

Mize akarudi mbio. Mwinyimvua kakaa juu ya kigoda mlangoni, miguu majini.

"Wameondoka wote, Baba Chausiku. Twende."

"Siwezi. Mimi sijatangaziwa."

"Si wewe uliyetangaza?"

"Niliwatangazia wao."

Jamani, Mize alilia. Alimpenda mwanamume huyu, na sababu mkamuulize mwenyewe. Akambembeleza. Akamtajia Chausiku, mtoto wao, aliyekwisha kupanda na bibi yake. Wapi! Machozi hayakusaidia kitu, maji yalikuwa yanatosha.

Basi akamtazama mumewe vizuri, kama anavyotazama mguu wa mteja. Akachukua baragumu.

Puuu! Puuu! Puuu!

"Enyi wanakijiji! Maji yanakuja! Pandeni kilimani!"

Akatangaza mara ya pili. Maji yakafika magotini. Akamshika mkono amvute. Mwinyimvua akainua kidole.

"Bado moja."

Akatangaza ya tatu. Mwinyimvua akasimama, akabeba kigoda chake.

"Sasa hiyo ndiyo habari," akasema, akapanda.

Wakafika juu, wakageuka. Nyumba yao ikaondoka na mto, mlango, kitanda na jiko. Mwinyimvua akahesabu watu. Hakupungua hata mmoja.

"Umeona, mke wangu? Maneno yaleyale, na wote wamepanda."

Mize akamtazama Bi Tabu, anauliza watu walikuwa wanasema nini. Akamtazama Mzee Pazi, anayewagombeza waliomsemea.

"Nimeona, Baba Chausiku," akajibu. Akaketi, maana wengi walipoteza viatu njiani, akaanza na aliye karibu: "Nionyeshe mguu kwanza."

Kila mlango na ufunguo wake. Hadithi yangu imepanda kilimani. Aliyebaki bondeni, shauri yake.