Mbuzi wa Joka la Shemweta

Palikuwa na joka, na joka hilo lilikuwa mali ya Shemweta, mwenye mchezo wa kusimulia hadithi, ambamo kila mchezaji huwa mhusika. Kila Jumamosi mchana alikalia kiti cha msimulizi, wenzake wakirusha dadu kuzunguka meza yake, na kila Jumamosi joka liliwala wote.

Safari hii Kibibi, jirani yake aliyecheza kama mwizi, alimwekea chai mbele yake, akauliza, "Kaka Shemweta, nikiliua leo, nitakaa kwenye kiti chako?"

"Utakaa. Anayevizia bila kujulikana hupiga pigo moja tu, joka likafa. Lakini lolote mtakalosema mezani hapa, joka langu linasikia."

Wachezaji wawili walitaja walikojificha, wakaliwa. Kibibi, kila zamu yake ilipofika, alisema tu, "Napita."

"Unaogopa," Shemweta alicheka. Kisha akasimulia kama kawaida yake: wanakijiji wakaleta mbuzi wa sadaka, joka likammeza mzimamzima, likalala.

"Halikumtafuna?" Kibibi aliuliza.

"Lini limewahi kutafuna mbuzi? Miaka mitatu unacheza hapa, hujui?"

"Najua. Hebu inua kisahani chako."

Chini ya kisahani palikuwa na karatasi iliyokunjwa, imelowa chai kidogo. Shemweta aliisoma kwa sauti: "Mbuzi wa sadaka leo ni mimi, nimevaa ngozi yake. Nina kisu."

"Joka lilisikia hilo?" Kibibi aliuliza.

Shemweta aliitazama karatasi, akawatazama wenzake, kisha akainuka.

"Chai umalizie," Kibibi alisema, akikaa.